Katalogi ya Maktaba ya Mfalme

Asubuhi ile Naif, soko letu la Deira, ilikuwa Naif: marobota ya viatu njiani, wanunuzi wa Kampala wakigombania bei, nami nakunywa chai na Maalim Khamis, Mzanzibari wa Deira, fundi wa kujalidi vitabu. Tulifanya biashara iliyowachekesha majirani: katalogi kuukuu za maktaba binafsi za wafalme. Vitabu vyenyewe huibwa, huungua. Orodha hubaki, na kuna matajiri wanaoitafuta kama dawa.

"Ipo moja Baghdad," alisema. "Ya mwandiko wa mkono. Mwenyewe anataka kuitoa kabla vita havijamfika mlangoni."

"Vita vimeshafika, Maalim."

"Basi na bei imeshuka, bwana we. Nakujua."

Alinijua. Tukaingia kwa barabara kutoka Amman.

Sebuleni kwa muuzaji madirisha yalizibwa kwa magodoro. Akatukabidhi katalogi, jalada jekundu, haina hata tundu la mchwa. Desturi yetu ni hii: karatasi huhesabiwa kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, mwenye mali akitazama. Ikikosekana moja, mnunuzi hukataa zote. Kutoka mbele nilipata sabini na nne.

Risasi zikalia mtaa wa pili.

"Yalla!" alisema muuzaji. "Chukueni, nendeni."

"Umeshahesabu, mwanangu," alisema Maalim. "Twende zetu."

"Mara moja si hesabu."

Akacheka. "Wewe hata kaburini utahesabu udongo. Basi nakwenda kumshika dereva asitukimbie."

Akatoka.

Nilikuwa nimefika karatasi ya thelathini kutoka nyuma.

Mlio mmoja tu, karibu.

Nilimkuta kando ya teksi, kiganja bado kimeshika kitasa. Tulimpakia. Hospitali hakufika.

Deira, baada ya matanga, mjane wake Bi Zuhura aliniita. "Niambie tu. Mlikawia nini?"

Ningeweza kusema njia ilifungwa. Uongo wa aina hiyo umenilisha miaka mingi.

"Nilikuwa nahesabu mara ya pili. Yeye alitaka tuondoke."

"Na zilitimia?"

"Sikumaliza."

Akaiweka katalogi niliyorudi nayo juu ya meza ya kazi ya mumewe. "Maliza."

Nikahesabu kutoka nyuma, karatasi moja moja, naye amesimama. Sabini na nne.

"Kumbe ile ya kwanza ilitosha," alisema.