Amplifaya Niliyochagua kwa Wivu

Siku ile sijaisahau, mwanangu, hata sasa majina ya wajukuu yanaponipotea. Ilikuwa arusi kule Kwapa, na mimi nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya Lunyo. Sauti nilikuwa nayo, usinione leo nakohoa. Athieno wa Kisoko alitangulia kuimba na bendi yake. Gita lao lilitoka safi, kila uzi unausikia, mpaka wanawake wa jikoni wakaacha masufuria wakaja kucheza. Zamu yetu ilipofika, wakarudi kwa masufuria yao.

Wivu ulinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Simezi, sitemi. Nikajiambia, Athieno hanishindi sauti, ananishinda vyombo. Sanduku lake la spika sikuliona, watu waliliziba, lakini kichwani mwangu lilikuwa refu kama mlango.

Bendi yetu ilikuwa imechanga pesa za kununua vyombo, na wenzangu wakanipa mimi neno la mwisho, eti nina masikio mazuri. Nikaenda Busia na baba mdogo Wandera, mpiga gita wetu. Alikuja na gita mgongoni.

Nikamcheka. "Baba mdogo, tunakwenda dukani ama arusini?"

"Nani ananunua kiatu ameacha mguu nyumbani?" akasema.

Dukani akapenda amplifaya ndogo yenye spika yake ndani. Akaipiga nje, penye kelele za malori, ikasikika. Mimi macho yalikuwa kwa sanduku moja kubwa lenye spika nne, na amplifaya ya kuwekwa juu yake. Mwenye duka akaona ninavyolitazama.

"Dada, ile niliyowauzia watu wa Kisoko haifiki hata nusu ya hii."

Alisema kweli kabisa. Mimi nilisikia tu kwamba nitampita Athieno.

Baba mdogo akainama nyuma, akasoma zile nambari za omu, zinazoonyesha kama vyombo vinapatana kwa umeme. "Hivi viwili havipatani. Sanduku litavuta umeme kuliko amplifaya inavyoweza. Na hizi spika mbili zilichanika, zikabandikwa karatasi."

"Unaogopa sauti, baba mdogo?"

Akalirudisha gita mgongoni, nami nikalipia lile sanduku kubwa na amplifaya yake. Mzee akikuachia, mwanangu, usidhani umemshinda.

Tukapiga mara ya kwanza hapa nyumbani Lunyo, arusi ya binamu yangu, na bendi ya Athieno ilialikwa pia. Wimbo wa kwanza gita lilikoroma kama nzi kwenye kibuyu. Nikaongeza sauti. Wimbo wa pili moshi ukatoka kwenye amplifaya.

"Mnapika nini humo?" mtu akapiga kelele, na watu wote wakacheka.

Ndipo Athieno akaja na amplifaya yake ameishika kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Haikuzidi tenga la kuku. Akaiweka juu ya kiti.

"Chomekeni hapa," akasema. "Na wewe dada, ukiweka chombo chini unaimbia miguu ya watu. Haya, imba."

Nikakataa. Nilikaa chini nimefunga mdomo kama mtoto aliyenyimwa nyama. Baba mdogo akachomeka gita lake, akampigia Athieno, na binamu yangu akaimbiwa na mtu wa Kisoko nyumbani kwetu.

Jioni nikamlaumu baba mdogo. Akanijibu polepole, "Chombo kilikuwepo, gita lilikuwepo. Aliyekosekana ni wewe."

Sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Mtu akimsifu Athieno mbele yangu hata leo, chai inakuwa chungu. Kwa hiyo nakwambia nikijua. Wewe na wenzako mnapokwenda kutafuta amplifaya, nendeni na gita lenu wenyewe, mlipige nje, si ndani ya duka ambako kila kitu kinanguruma. Kama amplifaya na sanduku ni mbalimbali, someni nambari za nyuma mpaka fundi aseme zinapatana. Tazameni kama watu wawili wanaweza kulibeba. Kidogo kinachosikika kinatosha bendi. Na mwenye duka akianza kukutajia wenzako walinunua nini, toka nje kwanza upumue. Mwenye wivu hana masikio. Na ukiharibikiwa, adui akakupa chombo chake, simama uimbe.

Mungu akupe sikio la kusikia na kifua cha kushukuru. Mikono yako isikauke juu ya nyuzi, na nyumba yoyote utakayopiga, watu wake wacheze mpaka vumbi liinuke. Amina.