Noti Chini ya Sahani ya Sato

Nilikwenda Mwanza kutafuta viatu vyeupe tu. Binti yangu Kabula alikuwa anapata kipaimara Jumapili asubuhi, na Sengerema nzima nilikosa saizi yake. Mwalimu mwenzangu Masalu, aliyekuwa karudi kutoka Dar akijua kila kitu, alinipa ushauri ambao sikumwomba: "Siku hizi mahoteli ni ya watu binafsi. Ukila peke yako, acha bakshishi chini ya sahani, uondoke bila neno. Ndio ustaarabu."

Jumamosi asubuhi nilivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi, na kufika saa nane viatu vilikuwa kwapani. Niliingia hoteli moja karibu na stendi. Mhudumu alikuwa mzee wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Uko peke yako? Sasa huyu sato nani atakusaidia kumla?"

Akaninawisha, akanichagulia samaki mnono, akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Nililipa, nikasukuma noti chini ya sahani iliyojaa miiba, nikatoka kimya kama mwizi. Nilijiona mjanja kweli.

Saa kumi nilikuwa ndani ya basi la mwisho la Sengerema, injini inaunguruma, nikamwona yule mzee anakuja mbio na aproni yake. Ningeweza kumsikiliza dirishani, lakini mzee haongeleshwi dirishani. Nikashuka na boksi langu la viatu.

"Nimekunawisha kwa mikono yangu," alisema, akinionyesha noti iliyolowa mchuzi. "Wewe unaniachia hela kwenye miiba, niokoteze?"

"Nisamehe baba, niliambiwa ndio ustaarabu."

"Ustaarabu wa wapi? Mtu anapewa mkononi, unamtazama usoni!"

Nikaichukua, nikampa upya kwa mikono miwili. Akapokea, akacheka, akaanza kuniuliza habari za kwetu. Nilipogeuka, basi halipo. Nilitamani kumtafuna Masalu mzimamzima.

Mzee alinilaza kwake Mkuyuni. Alfajiri nilitaka kumpa chochote, akakataa kabisa. "Hapa ni kwangu. Kazini ni kazini."

Jumapili nilifika kanisani watu wanatoka. Kabula alikuwa amevaa viatu vyake vya shule. Sasa najua namna ya kumshukuru mhudumu, na najua imenigharimu nini. Nilimpa Kabula boksi la viatu mkononi, nikamtazama usoni. Alipiga goti, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, lakini mimi hakunitazama.