Marando ya Shangazi Minza

Niliondoka Shinyanga nikiwa na hasira, na hasira ni mzigo mbaya wa kusafiri nao. Bwana mmoja wa kampuni ya mbegu alikuwa amefika shambani kwa shangazi yangu Minza, akamkuta akifunga marando ya viazi vitamu, yale mashina ya kupandia, kwa ajili ya wateja, akamwambia aache mara moja. Viazi hivyo, alisema, vina mwenyewe. Kampuni imevisajili, na atakayeuza marando yake au kuyagawa bila kibali atashtakiwa. Shangazi alidhani anataniwa. Mbegu hiyo aliipokea kwa mama yake, naye mama yake aliipokea kwa bibi. Miaka ya nyuma wataalamu walipita kijijini wakiomba mbegu za kienyeji, naye akawapa bure, tena akawapikia na chakula cha mchana.

Shida ni kwamba baadaye ukame uliua marando yote ya kijiji, na shangazi akachukua mengine kutoka kampuni hiyohiyo. Alipovuna alipiga vigelegele. Vilikuwa viazi vyake vyekundu, vile vinavyokauka vizuri kwa michembe, vipande vikavu vya kuweka akiba, vimerudi na jina jipya. Kwa hiyo marando yaliyopo bustanini kwake leo ni ya kampuni kweli. Wakili wa msaada wa bure pale mjini alituambia tutafute marando ya zamani, yaliyotoka kwa shangazi kabla ya usajili, tena mahali ambapo mbegu ya kampuni haijafika. "Yakifanana na yao," alisema, "usajili tunaupinga." Nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikapanda basi la Kahama.

Pa kuanzia nilipajua. Kwetu binti akiolewa huondoka na marando ya mama yake, na shangazi alikuwa ameoza mabinti wawili. Nkwimba aliolewa Bugarama, Holo akaolewa Runzewe.

Bugarama nilifika jua likiwa kali. Nkwimba alinipokea kwa "Mwangaluka, dada" na maji ya kunywa, lakini nilipotaja marando akashika kiuno.

"Mama Shija, mbona umechelewa namna hiyo?" aliniuliza.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Shamba lote mashemeji zake walikuwa wamewakodisha wachimbaji wadogo. Lilikuwa limejaa maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, na pembeni karasha ilikuwa ikisaga mawe kwa kelele hata tukawa tunapayuka.

"Hapo kwenye karasha ndipo yalipokuwa matuta yangu," alisema. "Ningejua ni ushahidi ningeyaotesha hata kwenye ndoo. Mimi nilijua ni chakula tu."

Nilimkasirikia, na nasikitika kwamba sikuificha hasira yangu. Kosa lake lilikuwa lipi?

Kesho yake nilirudi Kahama, nikashika njia ya magharibi. Barabara ya Runzewe ni nzuri, misitu huku na huku, na asali inauzwa kando ya njia kwenye madumu ya njano. Sikufurahia chochote. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu Holo awe bado analima.

Runzewe nilimkuta Holo yuko bondeni anapalilia. Sikungoja hata salamu ziishe. Yalikuwepo! Tuta baada ya tuta, majani ya vidole vitano, mishipa ya zambarau kwa chini. Nikafukua kiazi kimoja kwa mikono, chekundu vilevile. Nikatoa simu papo hapo, nikampigia shangazi na kumwambia tumeshinda. Nilimsikia akilia na kucheka kwa pamoja. Simu ile ndiyo ninayoijutia kuliko kitu kingine chochote katika safari hii.

Jioni tulikaa jikoni tukila. Holo akasema, kwa furaha tu ya mwenye shamba, "Na bahati nzuri yale niliyopewa kwenye maonyesho ya wakulima yameshika vizuri."

Nikaliweka tonge chini. "Yapi?"

"Ya ile kampuni. Msimu uliopita ya kwangu mengine yalikufa, nikajazia mapengo. Niliona yanafanana, nikasema hawa ni ndugu, wakae pamoja."

"Unaweza kuyatenganisha?"

"Hapana, dada. Siwezi kukudanganya."

Hapo nikasema neno ambalo sikuwahi kufikiri ningelisema. "Kwani lazima mtu ajue? Sema yametoka kwa mama. Si uongo."

"Na wakiniapisha?" Holo aliuliza. "Tena siku ile ya maonyesho walinipiga picha nimeyashika marando yao, nacheka."

Baadaye alilia, nami nikamwambia asilie, ingawa nilikuwa na uchungu naye.

Shinyanga nilirudi mikono mitupu. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwa upole kwamba maabara inaweza kuonyesha viazi ni vilevile, lakini haiwezi kuonyesha nani alitangulia kuwa navyo. Anayejulikana ni aliyesajili. Sisi tulikuwa tumegawa tu, vizazi vyote hivyo, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupokea kitu bure kwa jirani kisha akamkataza jirani huyohuyo asikitumie. Nimejifunza kwamba inawezekana, tena kisheria. Natamani tungelijua hilo mapema, tukaliacha tuta moja peke yake mahali fulani.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kumsaidia shangazi kulima. Mama mmoja wa jirani, ameolewa karibuni, alikuja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mayu. Nimekuja kuomba marando."

"Marahaba," shangazi alijibu. Sikuwahi kumwona akimnyima mtu mbegu maishani mwangu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatazama chini.

"Sina, mwanangu," alisema.

Yule mama aliitazama bustani iliyojaa kijani nyuma ya shangazi, akamtazama shangazi mwenyewe, kisha akaondoka bila kuaga.