Kamba za Viatu Kwenye Uwanda wa Maji

Kwenye ofisi ya mimea walimwita Mzee Fremu, na yeye hakuona ubaya wowote. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipanda mlimani mara moja kwa mwaka, mvua zikishapungua, amebeba fremu ya mbao ya mita moja kila upande, na mkewe nyuma yake na daftari. Kazi yao ilikuwa kuhesabu vichaka.

Ukisikia vichaka usiwaze mambo makubwa. Hivi havizidi kifundo cha mguu, vina vijani vidogo kama punje za mchele, na huota kule juu kwenye uwanda ambao maji yake hayakauki mwaka mzima. Mizizi yake ndiyo inayoushika ule udongo mweusi usiondoke na maji. Mgeni angevikanyaga akidhani ni majani tu, na Mzee Fremu angemtolea maneno ambayo hayaandikiki.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Fremu ililazwa kila mwaka katika sehemu zilezile kumi na mbili, kila sehemu ikiwa na vigingi vyekundu vya kufika magotini. Mzee alipiga magoti, akahesabu, akataja idadi. Mkewe aliirudia kwa sauti na kuiandika kwa penseli, maana wino haukubaliani na umande. Kisha mzee alitangulia kwenye vigingi vinavyofuata, na mkewe akamfuata na fremu.

Ila huyo mke alikuwa na kaugonjwa kake. Hakufuata upesi. Ukigeuka unamkuta bado ameinama palepale.

"Unafanya nini huko?"

"Nafunga kamba ya kiatu, baba. Tangulia, nakuja."

Mwaka mmoja si neno. Lakini miaka sita mfululizo, fremu kumi na mbili, kamba kumi na mbili! Mzee alikuwa na hasira za karibu, na kule juu baridi huingia hadi kwenye mifupa. Safari ya mwisho alimpasulia bila kuficha: "Mwaka ujao natafuta mwandishi mwepesi, mwenye viatu visivyo na kamba!" Mkewe alicheka. "Mtafute tu," akasema, akaibeba fremu, wakaendelea na kazi.

Mwaka ujao ukafika, na mkewe alikuwa na miezi mitatu kaburini. Homa ya siku nne tu. Mzee alibaki na nyumba yenye vikombe viwili, na kila asubuhi aliosha vyote viwili ingawa alikuwa ametumia kimoja.

Mwandishi wa mwaka huo akawa bintiye, fundi cherehani, aliyefunga kibanda chake siku mbili kwa ajili ya baba. Mzee mwenyewe alimtolea mabuti ya mpira ya marehemu kutoka nyuma ya mlango. Yalimkaa sawasawa.

Safari hiyo ilikuwa na uzito. Mkuu wa ofisi alikuwa amemwambia wazi: "Mzee, wastani ukishuka chini ya ishirini, uwanda huu tunautoa kwenye orodha ya kutunzwa. Watachimba mitaro, maji yatoke, pawe malisho." Mzee alimcheka. Kwenye taarifa za ofisi vichaka vyake havikuwahi kushuka chini ya thelathini na tano hata mwaka mmoja.

Akapiga magoti kwenye fremu ya kwanza. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," bintiye akarudia, macho kwenye karatasi. "Mwaka jana arobaini na mbili."

Fremu ya pili, kumi na sita. Mwaka jana thelathini na nane. Ya tatu, kumi na saba. Kufika ya nne mzee hakutaja idadi. Alijikalia kwenye maji hivyohivyo, suruali ikalowa, akaanza kulia kama mtoto.

"Vimekufa," alisema. "Mama yako kaondoka, navyo vimemfuata. Nitawaambia nini pale ofisini? Nimekabidhiwa uwanda mzima, naurudisha mtupu."

Bintiye aliweka daftari kifuani, akachuchumaa. Mtu aliyezoea kutunga uzi kwenye sindano huona vitu. Alianza kugusa kichaka kimoja kimoja kwa ncha ya penseli, midomo ikichezacheza, na kila akifika tano alitia nukta pembeni mwa ukurasa asije akapotea. Alipomaliza alirudia tena toka mwanzo.

"Baba, humu vimo arobaini na kimoja."

"Acha kunifariji."

"Sikufariji. Vile vidogo vya chini ya nyasi umeviruka vyote. Hivi unaviona kweli?"

Mzee alikodoa macho. Mbele yake palikuwa na kijani, na juu ya kijani palikuwa na ukungu, na ukungu huo alikuwa ameuzoea kiasi cha kudhani ni wa mlima.

Bintiye akafungua kurasa za nyuma. Kila idadi ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, na pembeni mwake, kwa penseli nyepesi, palikuwa na nukta ndogo ndogo kama zake. Nukta nane za tano tano na ziada ya mbili, arobaini na mbili. Akarudi nyuma mwaka mmoja, mwingine, mwingine. Nukta zilianza miaka sita iliyopita. Kabla ya hapo hakuna.

"Mama alikuwa anahesabu upya," akasema taratibu. "Wewe ukishatangulia."

"Haiwezekani. Alikuwa anafunga kamba za..."

Aliishia hapo. Bintiye naye alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe, yale mabuti meusi ya mpira ambayo mama yake aliyavaa huku juu miaka yote sita.

"Haya hayana kamba, baba."

Upepo ulipita juu ya vichaka. Mzee alinyoosha mkono akalishika buti moja, akalipapasa kuanzia kisigino hadi juu, akitafuta kitu ambacho alijua hakipo. Miaka sita alimgombeza mwanamke huyu kwa kuchelewa, na miaka sita mwanamke huyu alirudia idadi yake kwa sauti asimwaibishe, kisha akabaki nyuma kumtunzia kazi. Ingetosha ageuke mara moja tu, atazame miguu ya mkewe.

"Nimemtukana," alisema. "Maneno yangu ya mwisho huku juu yalikuwa ya kumtukana."

Bintiye alimshika mkono. Alimwinua, akamkung'uta maji.

"Futa zile tatu za mwanzo," mzee akasema hatimaye. "Pale palipoandikwa mhesabu ufute jina langu. Weka lako. Na uandike chini kwamba miaka sita ya nyuma ni ya mama yako, mimi macho yangu yalishakwisha."

"Watakuachisha kazi. Hutapanda tena huku."

"Andika."

Wakarudi kwenye fremu ya kwanza. Binti akapiga magoti, mzee akasimama nyuma yake, mahali pa mkewe, ameshika daftari asiloweza kulisoma. Binti alihesabu haraka haraka, baridi ilikuwa imeshamwingia.

"Polepole, mama," mzee akamwambia. "Chukua muda wako. Mimi nakusubiri."