Mstari wa Siafu Ukutani kwa Sellah

Sellah Nakhungu wa hapa Naitiri hakufundishwa kuchora na mtu. Walimu wake ni jongoo, vinyonga na kanga wa porini. Akiona mdudu anaacha alichokuwa akifanya. Siku moja ugali uliungua sababu ya konokono aliyekuwa akipanda mlango. Mumewe, Wangila, alikula ugali mweusi. Lakini Krismasi hiyo njia ya konokono ilizunguka nyumba nzima, nyeupe juu ya udongo mwekundu, na watu wakitoka kanisani walisimama kuangalia.

Kila Desemba sisi wanawake hukandika nyumba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wengine tunapaka tu tukamaliza. Sellah lazima achore. Udongo wake mweupe anauchimba kwenye ukingo wa mto, chini ya shamba langu, pale ndege mdiria walipotoboa mashimo yao. Anaingia chini ya ukingo kama panya, unaona miguu tu.

Mwaka wa elfu mbili na sita mvua ilikataa kuisha. Mahindi yalichipuka yakiwa bado kwenye bua. Mdiria wakahama. Ng'ombe wangu nao wakakataa kunywa pale. Ukiwasukuma wanakukodolea macho na kurudi nyuma.

"Mama Phelista," nikamwambia Sellah, "achana na hilo shimo mwaka huu. Ardhi imelowa, itakuangukia."

"Na wakwe wakija kutoka Kitale nitawaonyesha nini? Mdomo wako?"

Binti yake Phelista alikuwa anaposwa, na wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Siku moja kabla yake nikapita kwao kuomba chumvi. Ukuta wa mbele ulikuwa umebaki upande mmoja tu kupakwa nyeupe. Nikasimama. Mstari mweusi ulitoka dirishani mpaka mlangoni, umepinda kama mundu, na siafu wamepangwa ndani yake, wengine wakizama, wengine wakitokea. Ulikuwa mzuri, na mwili ukanisisimka.

"Hawa aliwaona wapi?" nikamuuliza Phelista.

"Juu ya ukingo wa mto, Mama Derrick. Alisema wanapita mahali ardhi imepasuka, ni kama imekatwa na kisu. Amewachora vile walivyo."

"Na sasa mama yuko wapi?"

"Ameenda kuongeza udongo mweupe."

Yaani aliuona ufa, akaupenda, akaja kuuchora, halafu akarudi kuingia chini yake! Chumvi niliisahau. Nikakimbia na huu mwili wangu.

Siafu walikuwa bado wanatembea, na ufa wenyewe ungemeza mkono. Sikuukanyaga. Nikazunguka upande wa maji. Miguu ya Sellah ilikuwa nje.

"Toka! Ukingo unaanguka!"

"Si ulisema hivyo hata wiki jana?" akajibu kutoka ndani. "Nimebakisha beseni moja."

Donge la udongo likanidondokea begani. Namjua huyu mwanamke. Kwa ajili ya uhai wake hatatoka.

"Haya, kaa. Mbuzi wa jirani yako Wabwile wanalamba ukuta wako. Siafu wamebaki nusu."

"Nini?" Akachomoka, tope hadi kwenye nyusi. "Nitawachinja, wao na mwenyewe!" Akanipita mbio, beseni ameliacha. Nikamfuata.

Hatukuwa tumefika kwenye mahindi tulipousikia ukingo ukishuka, mzito, kama ng'ombe anayejilaza. Kisha hata vyura wakanyamaza.

Sellah akageuka. Aliangalia kwa muda mrefu pale shimo lilipokuwa.

"Na mbuzi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbuzi gani, bana? Tembea."

Wakwe walikuja, wakala, wakausifu ukuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini upande mmoja hauna nyeupe. Mimi niliketi nikiupa mgongo.

Mvua ikanyesha tena usiku huo. Asubuhi Sellah alikuwa mlangoni kwangu, mikono mitupu, hana hata kipande cha makaa cha kuchorea.

"Mama Derrick, siafu wamehamia nyuma ya jikoni kwako. Wanafuata ufa, wanazunguka mpaka chooni." Akanishika mkono. "Sijawachora."

Nikaanza kutoa masufuria nje.