Mwanamke wa Zizini

Vijana wa bendi ya Nyangumi wa Ghalani walipiga gitaa kwa kishindo mpaka maziwa yakageuka siagi humo humo kiweleni, na asiyeamini aende Friesland akawaulize ng'ombe. Nywele ziliwafika kiunoni. Mmoja, bata alimtagia kichwani asijue mpaka vifaranga walipolia. Walirekodi tepu moja tu, mwaka 1969, katika zizi la Harmen, mpiga ngoma wao. Kisha wakagombana, wakanyoa, wakawa wauza matrekta.

Kazi ya Durk Hoekema ilikuwa kufufua bendi kama hizo. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akiokota tepu zilizosahauliwa darini, akazitoa upya kwenye santuri, zikanunuliwa na watu wa mbali wasiojua hata Friesland iko wapi.

Hiyo ya Nyangumi aliletewa na Jitske, binti wa Harmen, ndani ya mkebe wa biskuti, baada ya kumzika baba yake. Mama yake, Aukje, alifariki Jitske hajaota hata jino, na hakuna aliyeihifadhi sauti yake. Ila Harmen kabla ya kufa alimwambia kuwa mama yumo kwenye tepu ile. Jitske, mwanamke wa maneno machache, alimwambia Durk hilo tu, akavaa glavu zake akaenda zake.

Tepu ilikuwa imeanza kunata kwa uzee. Durk akaikausha kwa joto dogo kwenye mashine ya mkewe ya kukaushia matufaha, kama wafanyavyo wenzake wote wa kazi ile. Ilikuwa imechoka mno. Alijua itacheza mara moja, kisha unga wake wa kahawia utabanduka na kuondoka na kila kilichomo.

Akaizungusha. Wimbo ukianza, anarekodi. Ukiisha, anazima mashine ya kurekodi huku tepu ikiendelea kucheza, anakunywa kahawa, anangoja mwingine. Ndivyo alivyozoea miaka yote, maana wateja wake hawakununua vikohozi vya watu. Masikio aliyasimamisha kama sungura, akimngojea Aukje aimbe. Hakuimba mwanamke yeyote.

Santuri ilipotoka, Jitske alikuja na mkate wa sukari. Wakasikiliza upande wa kwanza, wakageuza, wakasikiliza wa pili. Sindano ikafika mwisho, na Jitske bado amekaa mbele ya spika kama mtu anayengoja basi lililokwisha pita.

"Hayumo, Mzee Durk."

Durk akaona haya. Akataka angalau amchekeshe. Akamwambia mwanamke alikuwa mmoja tu, tena si wa kuimba: jirani mgomvi aliyeingia kati ya nyimbo mbili kuwafokea wale vijana.

"Aliwafokea nini?"

"'Mtoto ndiyo kwanza kalala. Atakayemwamsha atambeba yeye mpaka asubuhi, na hizo nywele zake nitazifanya nepi.' Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa."

Jitske akakiweka kikombe chini polepole.

"Pale kwetu hatukuwa na jirani. Na mtoto alikuwa mmoja tu. Mimi."

Durk akaigeukia mashine ya tepu. Ule unga wa kahawia alikwisha ufuta kwa kitambaa, na kitambaa alikwisha kitupa.

"Hapo penyewe umeparekodi?"

"Nilizima."

Jitske akamwomba ayaseme tena yale maneno, kama alivyoyasema mama. Durk akayasema kwa sauti yake ya kukwaruza kama bawaba yenye kutu. Alipofika kwenye nepi, Jitske akacheka kidogo, kisha akauliza sauti yenyewe ilikuwaje, nzito au nyembamba. Durk akatafuta kichwani, akakuta harufu ya kahawa tu. Akaona bora adanganye.

"Ilifanana na yako."

"Yangu ni ya baba," Jitske akasema. "Kila mtu huniambia hivyo."

Siku hizi Durk hazimi mashine ya kurekodi kati ya nyimbo. Santuri zake zimejaa viti vinavyoburutwa, mbwa, na watu wanaotafuta kifungulio cha bia, na wateja wanamlalamikia wee mpaka wanachoka.

Jitske bado huja na mkate wake, na kabla ya kuondoka humwomba ayarudie yale maneno. Durk huyarudia. Ila majuzi alisema, "hizo nywele zake nitazifanya kamba."

"Nepi, Mzee Durk."

"Nepi, ndiyo," akasema, akainamia kikombe chake. Hakuwa na hakika tena.