Ngozi ya Pampu na Barua ya Bakari

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Magongo, Mombasa, fomeni, mkubwa wa mafundi, alinitazama kuanzia ushungi hadi makubadhi, akasema, "Mwanamke? Haya, angalau una mikono midogo." Akanipa karai la mafuta ya taa, brashi, na rundo la vyuma vyenye masizi. Mwingereza alikuwa bado ametukalia, na uhuru ulikuwa ukinong'onwa tu. Mume wangu alikuwa ameumia mgongo bandarini, na nyumbani mna watoto wanne. Sikwenda kutafuta sifa.

Nawaandikia nyinyi mafundi wa leo kwa sababu mmenichosha. Gari likisita kidogo, mnasema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Au mnasema dereva hajui kuendesha. Kufungua hamjafungua. Basi sikilizeni.

Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Niliziosha kabureta miaka miwili, tundu baada ya tundu, hadi nikazijua kama sufuria zangu. Hakuna aliyenifundisha. Fomeni aliona aibu kunifundisha, nami nikaona aibu kumuuliza.

Asubuhi moja akaja Bakari, dereva kutoka Likoni, mtu mpole, aliyekuwa akimwendesha meneja mmoja Mzungu. Meneja mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, kakunja uso.

"Dereva hii mbaya sana," akamwambia fomeni. "Kila siku, toka feri, gari naruka kama punda."

Akashuka, akaenda zake na gari la rafikiye, akasema atarudi alasiri.

Fomeni akabadilisha plagi. Gari likasita. Akasafisha chujio la petroli, akarekebisha majira ya cheche za plagi. Likasita vilevile. Akatupa spana, akaenda kula.

Nikamwita Bakari. "Hebu nambie, lasita wakati gani?"

"Likisimama languruma vizuri, dada. Likishakwenda, halina neno. Ni pale ninapokanyaga ghafla kupanda mlima wa feri. Lashtuka, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kisha laenda."

"Basi si plagi," nikamwambia. Plagi mbovu haichagui wakati.

Ukikanyaga ghafla, hewa hukimbilia ndani kabla ya petroli. Ndiyo maana ndani ya kabureta mna pampu ndogo, ya kurusha petroli ya ziada papo hapo. Kuijaribu ni rahisi. Injini izimwe, kichujio cha hewa kitolewe, uchungulie kooni mwa kabureta huku ukivuta mkono wa mafuta, ule unaovutwa na pedali. Pampu nzima hutema mchirizi wa petroli. Nikavuta. Hapana kitu. Nikavuta tena. Pakavu, na bakuli la kabureta limejaa petroli.

Nikafungua. Mle ndani pampu ina kikombe cha ngozi, kidogo kama kifungo cha koti. Kilikuwa kigumu kama ganda la korosho, kimesinyaa, hakigusi ukuta wa pampu. Mimi ni binti wa mshona makubadhi wa Kisauni. Ngozi sihitaji kuambiwa.

Fomeni aliporudi nikamwonyesha ile ngozi. Akainyakua. "Nani kakwambia ushike? Rudi kwenye karai!" Lakini akaenda stoo, akatia ngozi mpya, akalijaribu gari barabarani. Likachomoka kama mshale. Ile ya zamani akaitupa chini. Nikaiokota.

Alasiri meneja akarudi. Fomeni akajifuta mikono, akasema, "Nimepata ubovu, bwana. Dereva alikanyaga kwa nguvu mno, akaivunja pampu."

Meneja akatoa barua mfukoni, imeshapigwa taipu, ya kumfukuza Bakari kwa uharibifu wa gari. Kwa barua ile hakuna ambaye angempa tena usukani, si Mombasa wala bara. Bakari alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama kofia yake.

Nikaenda nikaiweka ile ngozi juu ya boneti, mbele ya meneja.

"Bwana, ngozi iliyochoshwa na kazi huliwa ukingo, kama soli ya kiatu. Tazama hii. Ukingo mzima. Hii haikukanyagwa, imekauka, na ngozi hii hukauka gari likilala bila kuendeshwa. Gari lililala muda gani?"

"Miezi tano," akasema. "Mimi nakwenda likizo Ulaya."

"Na Bakari?"

"Mimi nasimamisha yeye. Hapana kazi, hapana mshahara."

"Basi miezi mitano hiyo mguu wake ulikanyaga nini?"

Meneja akawa mwekundu hadi masikioni. Akaichana barua vipande viwili, akamwambia Bakari awashe gari. Radhi hakumwomba. Bakari alipopita karibu yangu akasema taratibu, "Mungu akuweke, dada." Basi.

Kesho yake fomeni alinipa ufagio. Nilifagia gereji ile miezi minane, na kabureta zikaoshwa na mtu mwingine, vibaya. Nikahamia kwa fundi mmoja wa Kihindi huko Kisauni, aliyenipa meza yangu na bisibisi zangu. Bendera ilipobadilishwa nilikuwa pale, mikono ikinuka petroli, nikidhani sasa mtu hataonewa tena na asiyefungua boneti. Ujinga wangu huo.

Siku ya kustaafu kwangu, mwenye gereji wa wakati huo alisimama akanisifu mbele ya watu: mama huyu, miaka yote, hakutuletea matata hata siku moja.

"Keti, mwanangu," nikamwambia. "Niliyaleta mara moja, kabla hujazaliwa. Na katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo ninayojivunia."